Viazi Havimo Kwenye Orodha

Rodney Trask aliona magari kabla hajaliona kanisa. Yalipangwa kando ya barabara ya Vesta Hollow, makubwa, safi, yasiyotembezwa sana, mengi yakiwa na kadi ya walemavu kwenye kioo. Akapunguza mwendo. Kibao mlangoni kilisema: PIEROGI LEO.

"Penye pierogi pana wazee," alijiambia, "na penye wazee pana vidonge."

Ilikuwa vuli, msimu ambao wazee wa Pennsylvania, kama wazee wote wa Marekani, huruhusiwa kubadili mpango wa bima ya dawa wa Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, na mawakala huwashukia kama nzige. Rodney alikuwa nzige mwenye tai. Meno yake yalikuwa meupe kuliko umri wake, na tableti yake ya kompyuta ilipiga hesabu jinsi alivyotaka ipige. Kila mzee aliyetia saini alimletea kamisheni. Mzee akipona au akifa, hilo lilikuwa la Mungu. Rodney hakupenda kuingilia kazi za wengine.

Alishuka ngazi hadi ukumbi wa chini ya kanisa. Wanawake kama kumi walikuwa wakitengeneza pierogi, wakikunja unga juu ya viazi na jibini, wakiongea wote kwa pamoja. Mkubwa wao, Bernice Halupka, mjane mwenye mikono ya mchimba makaa, alimtazama viatu kwanza.

"Unanunua au unauza, kijana?"

"Naokoa, mama. Nani hapa anakunywa dawa ya bei mbaya?"

"Uliza nani hanywi!" akajibu mmoja, na jiko zima likacheka.

Bibi mwembamba, Stella Wojcik, akainua mkono uliojaa unga. "Mimi. Ya kuzuia damu isigande."

Rodney akavuta kiti. Akaingiza dawa zote za Stella, isipokuwa hiyo moja, ambayo haikuwamo kwenye orodha ya mpango wake na isingeruhusiwa bila barua ya daktari. Kwenye duka la dawa akachagua duka teule la mpango, lenye bei nafuu, lililo ng'ambo ya mlima, ambako hakuna mtu wa Vesta Hollow aliyewahi kununua hata pipi. Tableti, kwa kuwa haina dhamiri, ikatoa jibu: dola mia mbili kwa mwaka mzima.

Stella akaikodolea macho ile namba. "Mia mbili," alisema taratibu. "Bernice, tazama. Mia mbili."

"Nimeiona." Bernice akajifuta mikono. "Na ikizidi?"

"Hayo ni makadirio, mama. Ni kama utabiri wa hali ya hewa. Mvua ikikunyeshea, humshtaki mtangazaji."

"Kwa hiyo anayekadiria halaumiwi?"

"Halaumiwi hata kidogo."

"Mmesikia, wasichana?"

Wasichana, ambao mdogo wao alikuwa na miaka sabini na moja, walisema wamesikia.

"Basi njoo Alhamisi ijayo," Bernice akamwambia. "Nitakujazia ukumbi. Lakini watu wa hapa hawashiki kalamu na njaa. Utawalisha."

Rodney akakuna shingo. Sheria inamkataza wakala kuwalisha wazee chakula kamili huku akiwauzia mpango. Kahawa na biskuti, basi. Lakini ukumbi mzima! Sheria, aliamua, imetungwa kwa ajili ya wanaokamatwa.

"Sahani hamsini ni kiasi gani?"

Bernice akatazama dari. "Nakadiria mia mbili."

Rodney akatia saini karatasi ya oda bila kuisoma. Maandishi madogo aliyajua vizuri sana; hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwingine naye anaweza kuyaandika.

Alhamisi wazee walikula kama waliotoka mgodini. Pierogi ziliogelea kwenye siagi na vitunguu. Rodney alizunguka meza kwa meza, tableti mkono mmoja, bakuli la siagi mkono wa pili, na kila mzee alimwambia: "Ngoja nimalize kula, mwanangu."

Walipomaliza kula wakachukua makoti.

"Jamani, saini?"

"Tulishajiandikisha jana," alisema mzee Chester, akichokonoa meno. "Alikuja mama mmoja wa kujitolea. Hana kamisheni, hana tai. Aliandika dawa zote, kisha akapiga simu duka letu hili hapa kuuliza bei. Tuliona ajabu kweli."

Kabla Rodney hajafunga mdomo, Bernice akaweka bili mbele yake. Dola elfu moja na mia tatu.

"Ulisema mia mbili!"

"Nilikadiria. Mia mbili ni ukichukua mwenyewe kwenye jiko letu teule."

"Liko wapi hilo jiko?"

"Ng'ambo ya mlima."

"Na hii nyongeza hapa?"

"Viazi. Havimo kwenye orodha."

"Pierogi bila viazi ni kitu gani?"

"Ungeweza kuomba viruhusiwe," Bernice alisema kwa huruma. "Ila lazima barua ya daktari."

"Silipi!"

"Usilipe." Chester akageuza simu yake. Pichani alikuwepo Rodney, tableti huku, siagi kule, anatabasamu. "Wenye kutoa leseni za bima watapenda hii. Meno yametoka vizuri."

Rodney akaketi. "Mama, nimewakosea nini?"

Ndipo Stella akamsogelea. "Hunikumbuki. Mwaka jana, ukumbi wa zimamoto. Ulinikadiria mia mbili. Duka la dawa likataka elfu moja na mia tatu. Kufikia Agosti nilikuwa nakata kidonge nusu, ili kifike siku mbili. Septemba damu iliganda mguuni. Wenzangu walinikuta nimeanguka pale, kando ya lile jiko."

Rodney alimtazama usoni, akajitahidi kwa kweli. Hakumkumbuka. Akatoa kadi ya benki.

Bernice akakunja risiti, akaitia kwenye mfuko wa aproni ya Stella. "Dawa ya mwaka ujao hiyo," alisema. "Mwaka mzima, kidonge kizima."

Rodney alikuwa ameshafika ngazini Stella alipomwita. "Kijana! Usiondoke mikono mitupu." Akampa boksi la moto, limefungwa kwa kamba.

Alilifungua ndani ya gari, kwa kuwa matatizo hayazuii njaa. Pierogi zilijaa hadi juu. Zote zilikuwa zimekatwa nusu, moja moja, sawasawa katikati, kwa mkono wa mtu aliyezoea.