Yai Rasmi la Mpanda

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Mpanda na vitongoji vyake kwamba tatizo la bei ya mayai lilimalizwa rasmi siku ya Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, kwa kauli moja. Wapo wanaosema hadi leo hawajaliona yai la mia tatu. Hao ni watu wasiosoma matangazo. Mimi Faustini, Katibu wa Kamati ya Utulivu wa Yai, ndiye niliyelibandika tangazo lile, tena kwa gundi yangu mwenyewe.

Hali ilikuwa mbaya. Yai moja lilifika shilingi mia sita. Manyanda, muuza chipsi wa karibu na stesheni, alianza kukaanga chipsi mayai kwa nusu yai, ikabidi wateja wawili wasiojuana washirikiane yai moja na kugombania kiini. Hapo ndipo Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Melkior, alipoona aingilie kati. Tulikaa vikao kumi na moja, na kila kikao chai ilikuja na mayai mawili kwa kila mjumbe, kwa ajili ya utafiti.

Utafiti ulibaini kwamba yai linapanda bei kwa kukosa usimamizi. Kuku anataga tu, bila kumjulisha mtu. Basi tukapitisha kanuni: kila yai litagongwa muhuri wa Kamati, litauzwa mia tatu, na bei hiyo haitaguswa kwa miaka mitatu. Kanuni ya Nne Mwenyekiti aliiandika kwa mkono wake ili kuwabana walanguzi. Ilisema atakayechukua mayai rasmi kwa mfugaji atawajibika kwa mayai hayo na kwa chochote kitakachotokana nayo. Mjumbe mmoja aliomba ufafanuzi wa hilo neno "chochote". Mwenyekiti akamwambia asitupotezee muda.

Muhuri ulichongwa na tarehe ya uzinduzi. Sasa, siku ya uzinduzi mimi ndiye ningekuwa mshereheshaji, nisingeweza kushika kipaza sauti na muhuri kwa pamoja. Kwa hiyo nilipita kugonga mayai wiki tatu kabla. Mtu yeyote wa ofisini atanielewa, maana hata mahudhurio ya semina husainiwa kabla ya semina.

Kule Kakese nilifika kwa mama mmoja anaitwa Annonciata. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amezaliwa huku huku, na anaishi kwa kuku. Nilimgongea mayai arobaini na nane. Alinitazama hadi nikamaliza.

"Baba Katibu, hii mia tatu nyie mmeitoa wapi?"

"Kwenye kikao."

"Kuku alikuwepo?"

Nilimfahamisha kwamba wadau wote waliwakilishwa.

"Mimi pumba nanunua, mashudu nanunua, dagaa wa Karema nanunua," alisema. "Vyote vimepanda. Nikiuza mia tatu, mwezi hauishi nimewachinja wote. Na binti yangu Emelyne anajifunza cherehani kwa hawa hawa kuku."

"Kanuni inasema yai lisizidi mia tatu, mama."

"Na kifaranga?"

Niliipekua kanuni mbele na nyuma. Kifaranga hakikutajwa. Nilimjibu kwa uaminifu kwamba suala la kifaranga halikuwa kwenye ajenda. Annonciata akaitikia taratibu, akayabeba mayai yake mpaka kwenye banda, walikokuwa kuku wanne wanaotaka kuatamia. Kifaranga sokoni kilikuwa elfu mbili na mia tano, lakini hilo halikuwa eneo langu la kazi.

Wiki tatu zilizofuata yai lilipotea Mpanda nzima. Kamati ilitafsiri hali hiyo kuwa mafanikio, kwa kuwa kitu kisichokuwepo hakiwezi kupanda bei.

Shida ikaja asubuhi ya uzinduzi. Mgeni rasmi alikuwa njiani, na ratiba ilisema saa nne Mwenyekiti atapasua yai rasmi la kwanza na kumkaangia mbele ya wananchi. Tulizunguka soko lote, hatukupata yai hata la kuazima. Nikakumbuka Kakese. Tukapanda bajaji, Mwenyekiti mbele na dereva, mimi nyuma na maboksi.

Tulimkuta Annonciata amechuchumaa mlangoni mwa banda.

"Yamelaliwa hayo, baba," alimwambia Mwenyekiti. "Leo siku ya ishirini na moja."

Mwenyekiti aliinua yai moja, akavaa miwani. "Hapa pameandikwa tarehe ya leo."

"Lakini kuku nimemweka mimi."

"Mama, unabishana na muhuri?"

"Sibishani. Nasema tu yatawatia aibu."

Mwenyekiti alimlipa mia tatu kwa kila yai na kusaini fomu ya kuyachukua. Annonciata alizishika zile hela bila kuzitazama. Alikuwa anatazama maboksi. Nilimwonea huruma, nakiri, lakini huruma haina fungu kwenye bajeti yetu.

Njiani yai moja lililia mkononi mwangu. Niliandika kwenye daftari kwamba mayai yako katika hali ya uchangamfu.

Uwanja ulijaa. Juu palikuwa na bango kubwa: YAI MIA TATU, FURAHA YA WATU, na chini yake sahihi ya Mwenyekiti. Alisimama mbele ya jiko, akalinyanyua yai juu watu waone muhuri, halafu akalishusha taratibu kwenye ukingo wa kikaango. Kabla hajaligonga, likajigonga lenyewe. Kikatoka kichwa, kikatoka kibawa kilicholowa, kikatoka kifaranga kizima chenye kipande cha ganda utosini, na kwenye ganda muhuri wa Kamati ukisomeka vizuri kabisa. Kwenye maboksi nyuma yake wengine wakaanza kuitikia. Watu walicheka hadi wakashikana. Manyanda alikaa chini kwenye vumbi.

Mgeni rasmi hakucheka. Ni mtu wa mafaili. Aliomba kanuni, akaisoma ya Nne mara mbili, kisha akashika kipaza sauti.

"Wengine wanaongea," alisema, "Mwenyekiti huyu anaangua. Kuanzia leo ndiye Mfugaji wa Mfano. Vifaranga hivi atavilea, atauza mayai kwa bei yake hiyo, na mimi nitarudi kuangalia."

Wananchi walipiga makofi sana. Mwenyekiti naye alipiga, kwa sababu kamera ilikuwa imemwelekea.

Miezi sita iliyofuata alijifunza mengi. Alianza kujua bei ya pumba kabla ya bei ya mafuta ya gari lake. Aliwahi kunipigia simu alfajiri kuniuliza kama dagaa wanaweza kukopwa. Kisha akaleta hoja kwenye Kamati kwamba mia tatu haina uhalisia. Nilimsomea kipengele cha miaka mitatu. Nilisoma polepole, na sitaficha kwamba nilifurahi.

Siku ya kufungua meza yake ya mayai sokoni, chini ya bango lile lile la uzinduzi, mteja wa kwanza alikuwa Annonciata. Mimi nilikuwa pembeni na muhuri.

"Mama, angalau mia saba," Mwenyekiti alinong'ona. "Chakula kimepanda mno. Nitawachinja wote."

"Mia tatu, mheshimiwa. Bango lako hilo juu, na sahihi yako." Annonciata aliinua yai moja, akalitazama kwenye jua. "Jogoo unaye?"

"Ninao sita," alijibu Mwenyekiti kwa fahari kidogo.

"Basi nipe arobaini na nane. Kuku wangu wanne wameanza kuatamia juzi."

Mwenyekiti alinigeukia. Niliifungua kanuni, nikaipekua mbele na nyuma. Kifaranga bado hakikuwa kwenye ajenda.