Pikipiki Iliyoupanda Mlima

Redio kinyozi alikuja mbio kwenye benchi la kahawa, mashine ya kunyolea mkononi, waya unamfuata nyuma kama mkia wa panya. Kule kibandani kwake alikuwa amemwacha mteja kanyolewa upande mmoja.

"Jamani! Mmesikia?"

"Hatujasikia," akasema Shangazi Birika huku akimimina kahawa. "Na hata tungekuwa tumesikia, ungetuambia vilevile."

"Ofisi ya misitu imetangaza! Ile njia ya pikipiki ya mlimani, ile iliyofukiwa na maporomoko, inafunguliwa! Jumamosi wenye mapanga wanafyeka, Jumapili wenye pikipiki wanapanda mpaka kileleni. Someni wenyewe." Akaipitisha simu mbele ya pua za watu, haraka hivi kwamba hakuna aliyesoma chochote.

Kahawa ikampalia Kilele. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mnaona?" Redio akamnyooshea kidole. "Mwenyewe analia kwa furaha!"

Benchi hilo lilikuwa mbele ya gereji ya Spana, na kila aliyewahi kulikalia alikijua kisa cha Kilele. Miaka ishirini na minane iliyopita Kilele, fundi cherehani mwembamba kama uzi wake, aliupanda mlima ule peke yake kwa pikipiki nyekundu. Akafika juu kabisa, akapumzika chini ya jiwe lenye umbo la ng'ombe aliyelala, akashukia upande wa pili. Huko akakutana na bwana mmoja aliyeipenda ile pikipiki mpaka akalia. Kilele akamwonea huruma, akamwachia kwa bei ya undugu. Ndiyo maana alirudi kwa miguu. Mwaka uleule mvua ikaporomosha udongo, njia ikazibwa, watu wakaisahau.

Na hakuna aliyeishukuru mvua ile kama Kilele, maana kileleni hakufika. Pikipiki ilimfia kona ya tatu, akaitelekeza palepale. Siri hiyo aliijua yeye tu. Hata mkewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kumwambia.

"Kilele, wewe ndiye utakayetuongoza," akasema Redio. "Nani mwingine anaijua ile njia?"

"Mimi? Kwa magoti haya?"

"Magoti yako jana yalimkimbiza kuku wa jirani mpaka barabara kuu!"

"Yule kuku alikuwa na mkono wa shati la mteja."

"Basi jifanye yuko kileleni na mkono wa pili."

Watu wakacheka. Shangazi Birika akainua birika, na mkono wa birika ukalia nyiki. Ulikuwa umefungwa kwa mpira mwekundu wa tyubu, kazi ya Spana. Mguu wa benchi nao ulifungwa kwa tyubu nyekundu. Kiti cha kunyolea cha Redio, tyubu nyekundu. Spana alikuwa na robota zima la tyubu hizo tangu ujana wake, na hakuna kitu kilichowahi kulegea mtaani pale kisikutane nazo.

"Na wewe Spana, umemeza ulimi?" akauliza Shangazi. "Siku zote kisa hiki unakipigia kelele kumshinda mwenyewe. Hata bango lako hilo hapo juu."

Bango liliandikwa kwa rangi ya mafuta: GEREJI YA KILELENI. HAPA NDIPO ILIPOTENGENEZWA PIKIPIKI ILIYOUPANDA MLIMA.

Spana alikuwa anazungusha funguo zake kidoleni. Kwenye funguo kulikuwa na nati moja nene, kuukuu, aliyosema ni ya bahati.

"Mimi naona tuuache huo mlima," akasema taratibu. "Una nyoka."

"Nyoka tangu lini?"

"Tangu... tangu mvua."

Kilele akamtazama kwa mshangao. Huyu Spana leo kapatwa na nini? Lakini hakutaka kumpoteza mtu pekee aliyekuwa upande wake.

"Nyoka wapo," akasema. "Tena wakubwa."

"Miaka yote unatuhadithia, nyoka hatukuwasikia hata mmoja!" Redio akapiga paja. "Leo mmewaleta wawili kwa pamoja, fundi na fundi?"

Pikipiki ikaingia kwa mlio, ikasimama pua kwa pua na benchi. Akashuka Kasi, binti wa Kilele, msambaza vifurushi, kofia ngumu kichwani na sanduku la mizigo nyuma.

"Shikamooni wazee wangu! Baba, nimetuandikisha!"

"Umetuandikisha nini, mwanangu?"

"Kupanda! Mimi na wewe, Jumapili, pikipiki ya kwanza kabisa. Yule karani nikamwambia mimi ni mtoto wa Kilele, akasimama kunipa mkono! Utanionyesha lile jiwe la ng'ombe, baba. Nimelisubiri tangu sina meno."

Kilele akakiweka kikombe chini. Redio akimcheka, atamcheka mwezi mmoja, halafu atapata habari nyingine. Lakini Kasi! Alipokuwa mdogo alikuwa hafungui mdomo kula mpaka asimuliwe ng'ombe wa mlimani. Alipotaka kujifunza pikipiki na mashangazi wote wakasema si kazi ya msichana, alijibu sentensi moja tu: "Baba yangu alifika kileleni." Sasa Jumapili atapanda, atatafuta jiwe, na hakuna jiwe.

"Sawa, mwanangu," akasema.

Ijumaa nzima alijaribu kumwambia. Kila akifungua mdomo, Kasi anauliza, "Baba, jiwe liko kulia au kushoto?" Siku hiyo alishona suruali ya mteja miguu yote miwili ikawa imefungwa chini kama mifuko.

Jumamosi wakapanda na mapanga. Wa ofisi ya misitu walikuwa wanafyeka kutoka juu, watu wa kijiweni wakapewa sehemu ya chini. Hata Shangazi Birika alikuwepo, na birika lake. Njia ilikuwa imegeuka kichaka. Ukifyeka hatua moja, unapumzika mbili.

"Kona ya kwanza hii!" Redio akatangaza. "Kilele, hapa ulipita na gia ya ngapi?"

"Ya pili."

"Mwaka juzi ulisema ya nne!"

"Ya nne ilikuwa kwa kurudi."

"Kurudi ulirudi kwa miguu, bwana!"

Kona ya pili, Kilele alianza kufyeka polepole. Akafyeka jani mojamoja, kama anayepima kitambaa cha harusi. Ajabu ni kwamba Spana naye, mtu wa mikono mizito, alikuwa kando yake anafyeka vilevile.

"Turudi tukale," akasema Spana.

"Saa nne asubuhi?" akauliza Kasi. "Mjomba Spana, nipishe." Akawapita wote wawili, panga lake likaimba, akapotelea kwenye kona ya tatu.

Halafu:

"Baba! Njoo!"

Ilikuwa imelala ubavu kwenye magugu. Mti mzima ulikuwa umeota katikati ya gurudumu la nyuma, umelinyanyua kutoka ardhini kama mtu anayeonyesha sahani. Tangi lilikuwa kutu tupu, ila chini ya kiti rangi nyekundu ilikuwa bado inajulikana.

"Hii..." Redio akaizunguka. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, maneno yalimwishia. Kisha yakamrudia. "Yule bwana aliyelia! Kumbe aliinunua akaja kuipanda kama mche!"

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanamtazama Kasi, na Kasi alikuwa anamtazama baba yake.

"Baba, ni yako?"

Kilele akavua kofia. "Ni yangu, mwanangu. Sikufika. Niliishia hapa. Injini ilikaza ghafla, gurudumu likagoma, nikarushwa kule. Nilikuwa naendesha kama kichaa, nikaiua mwenyewe. Nikarudi kwa miguu nikiwa nimepanga kusema ukweli. Lakini kabla sijafika kwenye benchi, watu wote wameshasimama wananipigia makofi: Kilele, Kilele! Nikashindwa pa kuanzia."

"Nani alianza makofi?" akauliza Shangazi Birika.

"Nani tena? Spana."

Vichwa vikageuka. Spana alikuwa ameinama karibu na injini, amekaa kama anaizuia isiondoke.

"Spana, sogea kidogo," akasema Shangazi.

"Hapa pana kivuli."

"Sogea."

Akasogea. Kasi akapiga magoti, akapangusa tope chini ya injini. Mahali pa nati ya kumwagia oili palikuwa na tundu tupu. Kasi akaingiza kidole, akavuta kitu kilichonata pembeni: kipande cha mpira, kimekakamaa, rangi imefifia lakini inasomeka.

Tyubu nyekundu.

Shangazi Birika akaangalia mkono wa birika lake. Redio akaangalia tyubu, akaangalia birika, akamwangalia Spana.

"Spana! Tundu la oili uliliziba kwa tyubu? Ndiyo maana oili ikavuja, injini ikakaza!"

"Si tyubu peke yake!" Spana akajitetea. "Kulikuwa na kijiti cha mti ndani. Tyubu ilikuwa ya kukibana."

"Anajitetea kwa kijiti!"

"Nati nilikuwa siioni! Nimeitafuta gereji nzima, mwenyewe amekaa kwenye benchi ananihimiza, fanya haraka, fanya haraka. Nikasema niweke kijiti kwa muda. Jioni navua shati, nati hii hapa, mfukoni kwangu." Akatoa funguo. Nati ya bahati ikaning'inia. "Sikulala. Kesho yake namwona anakuja kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Moyo ukaniruka. Nikasema, huyu anakuja kunivunja taya. Nikaona niwahi kabla hajafungua mdomo, nikapiga kelele: jamani, mtazameni, kafika kileleni!"

Upepo ukapita kwenye magugu. Kilele alikuwa amesimama na kofia mkononi.

"Kwa hiyo si mimi niliyeiua," akasema.

"Si wewe."

"Miaka ishirini na minane nimejiita mjinga usiku na mchana. Sijagusa tena pikipiki. Na wewe unatembea na nati yangu unaiita bahati!"

"Si hukunivunja taya? Ndiyo bahati yenyewe hiyo."

Redio ndiye aliyeangua kicheko kwanza, akajishika kwenye mti wa gurudumu asianguke. Shangazi akafuata, birika likatikisika. Kilele alijaribu kukasirika, uso ukakataa. Akaichukua nati kutoka kwenye funguo, akainama kwa magoti yake yaleyale mabovu, akaiweka kwenye tundu. Ilizunguka robo moja, ikakataa kwa kutu.

"Imeingia," akasema. "Umechelewa kidogo tu, fundi."

Kasi peke yake hakuwa amecheka. Alikuwa amesimama mgongo kwa watu, anatazama juu, njia inakoelekea. Kilele akamwendea.

"Mwanangu, nisamehe. Watu walikuheshimu kwa kitu ambacho sikukifanya."

"Kwa hiyo hujawahi kuona kona ya nne."

"Sijawahi."

Kasi akaokota panga.

"Basi kesho ukae nyuma na unishike vizuri. Na usinifundishe gia."

Jumatatu benchi lilijaa mpaka mguu wenye tyubu ukawa unalalamika. Bango la gereji lilikuwa bado palepale, ila Spana alikuwa ameongeza mstari kwa chaki: NATI HUKAGULIWA MARA MBILI.

"Mara mbili?" akasema Redio. "Moja kwenye injini, moja mfukoni?"

"Nenda ukammalize yule mteja wako wa upande mmoja."

"Nimeshammaliza. Sasa Kilele, tueleze. Jana mmepanda, mmeshuka, tumewaona. Safari hii una shahidi. Tuambie kuhusu huko juu."

"Kuna upepo," akasema Kilele. "Kuna baridi. Kona ya tano nilifumba macho."

"Alifumba kuanzia ya pili," akasema Kasi, ameegemea pikipiki yake. "Na alinifundisha gia njia nzima."

"Halafu?" Redio akasogea mbele, meno yote nje. Hili ndilo alilokuwa akilisubiri tangu asubuhi. "Lile jiwe. Jiwe la ng'ombe aliyelala. Lipo au halipo?"

Shangazi Birika akashikilia birika hewani. Kilele akainamisha uso kwenye kikombe, akakitazama kana kwamba chini yake kuna njia ya kutokea. Ya pikipiki waliyaeleza jana na juzi, ya nati waliyaeleza, lakini jiwe hakuna aliyekuwa amelitaja. Yeye na Kasi walikaa huko juu saa nzima kwenye majani makavu, wakala mkate waliobeba, na Kasi hakuuliza. Hata jiwe la kukalia hawakulipata.

"Redio," Kilele akaanza, "ukweli ni kwamba..."

"Lipo," akasema Kasi.

Kilele akainua kichwa.

"Lipo?" Redio akakunja uso. "Ng'ombe kabisa? Amelala?"

Kasi akavaa kofia yake ngumu, akaifunga kamba chini ya kidevu bila haraka, akapanda, akawasha moto.

"Baba alikuwa anawaambia habari za zamani," akasema. "Siku hizi ng'ombe ameamka, anakula majani."

Akaondoka na vifurushi vyake. Kahawa ikampalia Kilele tena, na safari hii machozi aliyaacha yatoke.