Mfereji Uliopewa Babu

Ndugu wananchi, kwa furaha kubwa na kwa maelekezo kutoka juu, natangaza kwamba mfereji wa zamani wa mji wetu sasa una historia. Kabla ya hapo ulikuwa na maji tu.

Mimi ni Naibu Mwenyekiti wa Tume ya Kuweka Sawa Yaliyopita, wilaya ya Tutzor, bonde la Ferghana. Mwenyekiti ni Mkuu wa Wilaya mwenyewe, mheshimiwa Botirali Haydarovich. Wajumbe wengine hatukuwahitaji.

Mfereji wenyewe ulikuwa ukileta maji ya theluji kutoka milimani hadi kwenye mashamba ya aprikoti. Kisha huko juu wakajenga bwawa, maji yakakatika, mfereji ukabaki wa kutupia magodoro. Mheshimiwa akaona mbali. Tukaufukia, tukatandaza vigae, tukaweka nyasi za plastiki zisizosumbua mtu kwa kiu, na benchi zinazotazama mahali maji yalipokuwa yakipita. Hiyo ndiyo Bustani ya Umma ya Mfereji.

Ikabaki historia. Mheshimiwa aliniita ofisini.

"Nani aliuchimba?"

"Watu, mheshimiwa."

"Watu gani?"

"Wa mitaani. Wote. Kwa majembe."

"Watu wote hawachongeki kwenye jiwe. Nitafutie mmoja." Akainua macho akaitazama picha ya babu yake ukutani, akaitazama kwa muda mrefu.

Mimi si mjinga. Nilimpata kabla ya chakula cha mchana. Babu yake, Mamatkul-bobo, akatangazwa Mchimba Mkuu, na ukoo wake ukawa Familia ya Mfereji. Ushahidi ulikuwa mzito: aliwahi kuishi karibu. Nikamwongeza na babu yangu kama Mbeba Tope Mwaminifu, maana kazi ya uandishi haina posho na mtu lazima ajifikirie.

Ili historia inukie vizuri, nikatia pia mila za hashari, yaani msaragambo wetu wa Navruzi, mwaka unapoanza. Kila mtu anazijua. Mtaa mzima hushuka na majembe kuzoa tope. Familia ya Mfereji huingia kwanza. Kabla yao hakuna anayelowesha hata kidole. Na atakayetoka kazi haijaisha huwapikia palov, yaani pilau yetu ya karoti, wote waliobaki. Mheshimiwa alizipenda mno mila hizo. Akaagiza zichongwe kwenye jiwe la langoni, chini ya jina la babu.

Kikwazo kilikuwa kimoja, chaihana ya Mastura-opa. Nyumba hiyo ya chai ilikaa ukingoni, pale hasa palipotengwa kwa sanamu ya Mamatkul-bobo. Nilikwenda mwenyewe kumpa taarifa, nikamkuta anakoroga karoti kwenye sufuria ambayo ng'ombe angeweza kuoga ndani yake.

"Mastura-opa, Tume imechunguza. Chaihana yako haimo kwenye historia."

"Haimo? Mama yangu alinizaa jikoni humu!"

"Hilo ni suala la kifamilia. Mamatkul-bobo atasimama hapa."

Akaacha kukoroga. "Mamatkul yupi? Yule wa mgongo?"

"Mchimba Mkuu."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. "We kaka, unaniua! Kila Navruzi yule alikuwa anashika kiuno kabla jembe halijagusa tope. 'Uuwi, mgongo wangu!' Hata kuku walikuwa wanamjua."

"Tume haijapokea malalamiko yoyote ya mgongo."

Wazee waliokuwa wakinywa chai wakacheka pia. Kisha wakaiona karatasi mkononi mwangu, wakaweka chai chini.

"Lini?" akauliza Mastura-opa.

"Navruzi, baada ya hotuba. Tingatinga limeshapangwa."

"Na mimi niende wapi? Na wazee hawa?"

"Serikali imeweka benchi."

Alininyanyulia piyola, kibakuli chetu cha chai, akanimiminia mpaka ikafika ukingoni. Kwetu mgeni anayependwa hutiliwa kidogo, ili aombe tena na tena. Anayejaziwa anajua mlango ulipo. Niliunguza ulimi nikaondoka, na nakiri iliniuma, ingawa si sana, maana nilikuwa kazini.

Siku ya Navruzi ikafika. Ngoma, tarumbeta, mabinti wenye maua. Sanamu ilikuwa juu ya lori, imelala chali. Tingatinga linanguruma mbele ya chaihana, na Mastura-opa amekaa mlangoni na sufuria yake kana kwamba atahama nayo mgongoni. Mgeni rasmi alikuwa Mkuu wa Mkoa, mzee Solijon Umarovich, mtoto wa wakulima, mwenye tabia mbaya ya kusoma vitu.

Mheshimiwa alikuwa ndiyo kwanza anasema "kiu ya maendeleo" maji yalipohudhuria bila mwaliko. Theluji iliyeyuka mapema, huko bwawani wakafungua malango, na maji yakarudi kwao. Kigae kimoja kikaruka. Kisha vingine. Nyasi za plastiki zikanyanyuka zote kwa pamoja, zikaanza safari ya kuelekea sokoni.

"Hashari!" mtu akapiga kelele. Mtaa mzima ukakimbilia majumbani, ukarudi na majembe. Halafu wote wakasimama ukingoni, wakatulia.

"Mbona hawaingii?" Mheshimiwa akaninong'oneza.

Mkuu wa Mkoa ndiye aliyejibu, akisoma jiwe kwa sauti. "'Familia ya Mfereji huingia kwanza.' Hata kijijini kwetu ndivyo tulivyofanya! Haya, Botirali Haydarovich, watu wanakusubiri."

"Mheshimiwa, hayo ni ya... ya kihistoria."

"Maji ni ya leo. Au jiwe linasema uongo?"

Mheshimiwa alinitazama. Mimi nikatazama mawingu. Ilimbidi achague kati ya kuwa mwongo mbele ya bosi na kulowa suruali. Akavua viatu.

"Karibu nyumbani, mwana wa mfereji!" watu wakashangilia.

Mastura-opa akamletea jembe. "La babu yako hili, mwanangu. Alilisahau kwetu akaenda kulala. Tazama, bado jipya."

"'Na nyuma yake Mbeba Tope,'" Mkuu wa Mkoa akaendelea kusoma. Hakuna mtu hatari kama anayesoma mpaka mwisho. Nikaingia na suti yangu.

Mheshimiwa alipiga jembe mara kadhaa, kwa hasira. Ghafla akanyooka, akashika kiuno.

"Uuwi, mgongo wangu!"

Mastura-opa akapiga makofi. "Jamani! Kumbe kweli ni mjukuu wake!"

Watu walicheka mpaka wakaegemea majembe. Kwa vile historia ilithibitishwa, Mkuu wa Mkoa aliweka kidole kwenye mstari uliofuata, ule wa palov. Na sufuria ya kutosha mtaa mzima ilikuwa moja tu mjini, na jiko lake ni lile ambalo tingatinga lilikuwa limeanza kulisogelea.

"Zima!" Mheshimiwa alimpungia dereva mkono mmoja, mwingine uko kiunoni. "Zima hiyo, mpumbavu we! Rudi nyuma! Nitapikia wapi?"

Dereva wa lori alidhani anaambiwa yeye. Akarudi nyuma mpaka sanamu ikateleza, ikaangukia kwenye maji, ikalala kutoka ukingo mpaka ukingo. Ikawa daraja zuri sana. Ilikuwa mara ya kwanza Mamatkul-bobo kuingia mferejini.

Chaihana sasa inatambulika rasmi kama Jiko la Kihistoria, na maji yanapita mbele yake. Siku ile Mheshimiwa alimenya karoti hadi jioni, Mastura-opa akimsimamia: "Nyembamba zaidi, mwanangu. Hizo ni kuni."

Tulipomaliza kula, Mastura-opa alizunguka na birika. Mimi, nikiwa na tope hadi masikioni, nilitiliwa nusu piyola. Mheshimiwa alinyoosha ya kwake, na Mastura-opa, kwa heshima zote, akaijaza mpaka ikafurika.