Panya wa Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Mtihani wa leseni ya udalali wa bima ni Ijumaa. Mtandaoni. Masharti: chumba chenye mlango, kamera iwake, mtahiniwa awe peke yake. Bosi ametangaza kwamba asiyefaulu atarudi kugawa vipeperushi stendi. Aliwatangazia wote, akinitazama mimi. Mwenzangu wa meza ya pili akacheka. Tunamwita Tai, kwa sababu ya anachovaa shingoni, na kwa sababu hakai mbali na mzoga.

Tatizo: nyumbani mtandao unashika chumba kimoja tu, cha wageni. Mgeni ni mama mkwe, amekuja kuuguza goti. Nimwombe anipishe? Thubutu! Mwaka jana aliniuliza, kwa upole, kama udalali ni kazi au ni tabia. Nikamjibu kwamba leseni ninayo tayari. Ningefanyaje?

Jumanne, 4 Juni

Nimejifungia bafuni kukariri. Kanuni ya kwanza: nia njema kabisa. Anayekata bima aseme ukweli wote, asifiche kitu. Nzuri sana! Nimeipigia mstari.

Hapo hapo wazo likaja. Jioni, kwenye chai, nikataja kwamba chumba cha wageni kina panya. Wakubwa. Mke wangu akanikanyaga chini ya meza. Mama mkwe akashusha kikombe, akanishukuru kwa kumtahadharisha. Kesho anahamia kwa binti yake mkubwa, naapa.

Jumatano, 5 Juni

Hakuhama. Ameazima paka kwa jirani, fundi cherehani. Dume la kijivu, jicho moja, sura ya mkaguzi wa madai. Analala kitandani kwa mama mkwe, naye anasema goti limepata joto na hajawahi kulala vizuri hivi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Tai amefaulu. Kaleta keki ofisini. Nimekula vipande viwili, kwa chuki.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu amenisihi nimweleze mama yake ukweli. Nikamwambia hajui mambo ya biashara. Akaendelea kunipigia pasi shati la mtihani. Nimejisikia vibaya, kusema kweli. Katika dunia nzima ni yeye tu anayeamini nitafaulu.

Kwa ajili yake, mpango mpya! Nimemwambia mama mkwe kwamba kliniki wameisogeza miadi yake, iwe kesho asubuhi. Mke wangu atamsindikiza. Na yeye sikumwambia kwamba nimeitunga.

Ijumaa, 7 Juni

Wakaondoka. Chumba changu! Msimamizi akatokea kwenye kioo, akauliza kama niko peke yangu. Nikaapa. Maswali yakateremka kama uji. Likabaki moja: je, hasara aliyojitakia mwenye bima hulipwa? Hailipwi! Nalijua! Nikanyoosha kidole.

Paka akatoka uvunguni. Akaruka mezani, akakalia kompyuta, akawasilisha mtihani wangu kabla sijajibu.

Nimeanguka kwa alama moja.

Walinikuta nimekaa chini, nalia, paka mapajani. Kliniki hawakuwa na habari ya miadi yoyote. Nilingoja matusi. Mama mkwe akakaa kitandani, akanyoosha goti taratibu, akasema alijua tangu Jumanne kwamba sina leseni, maana mwenye leseni hakariri bafuni, na ukuta ule ni mwembamba. Akasema ningemwomba tu. Angehamisha kiti chake sebuleni, basi. Kisha akaniita mwanangu. Nikalia upya.

Jumamosi, 8 Juni

Bosi amekubali nirudie mtihani Jumatano. Mpaka hapo, stendi. Tai alipita leo akachukua kipeperushi, akaniomba nimsomee.

Lakini nyumbani kuna amani. Mama mkwe ameahidi kushinda kwa fundi cherehani Jumatano asubuhi, yeye na paka wake. Mke wangu ameshalipiga pasi shati. Nimeguswa sana. Nimejifunza kwamba ukweli ndio njia fupi.

Hata hivyo, ahadi ya mdomo si mkataba. Je, akisahau? Je, goti likigoma? Mtu wa bima hujikinga kabla ya janga.

Jumanne jioni, kwenye chai, nitataja nyoka. Mdogo tu.