Rufaa Dhidi ya Kalamu Nyekundu ya Darasa la Kifaransa

Mheshimiwa Mkuu wa Shule ya Lugha ya Jumamosi,

YAH: MKE WANGU KUFUNDISHWA KUNIKANUSHA

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko chini ya nyumba yetu, na kwa miaka ishirini na minane watu wamekalia kazi ya mikono yangu bila manung'uniko. Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa mzima wa mwili. Kilichougua ni jina langu, na ugonjwa wenyewe umetoka katika darasa lako la Kifaransa cha wanaoanza, ambamo mke wangu anakaa mstari wa mbele.

Alijiunga kwa nia njema. Binti yetu ameolewa mbali, na mjukuu wetu wa pekee, wa miaka minne, anazungumza Kifaransa tu. Kila Jumapili saa kumi wanatupigia simu ya video. Mke wangu akasema hawezi kuzeeka akiipungia mkono damu yake kama anayeaga wageni. Nikaafiki, nikamnunulia na daftari. Sasa daftari hilo hilo ndilo linalonivua nguo mbele za watu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukanushi wa vipande viwili. Kwetu mtu akitaka kukataa anagusa tu mwanzo wa neno, yamekwisha. Mfaransa anaweka "ne" kabla ya kitenzi na "pas" baada yake, kama mimi ninavyopigilia kitambaa cha kochi, msumari huku na msumari huku, kisichomoke. Siku hizi mke wangu akinikatalia jambo, sina pa kupenyea. Naomba kipande kimoja kiondolewe. Chochote kile, sina upendeleo.

2. Wakati uliopo. Nimeelezwa kwamba darasa halijavuka hapo. Nilipomkumbusha mke wangu kuwa mwaka jana nilipaka rangi jiko zima, alisema hawajafika wakati uliopita. Nilipomwahidi kwamba kesho nitaosha vyombo, akasema na huo ujao bado, wao wako ukurasa wa kumi na tisa. Mheshimiwa, mwanamume aliyenyang'anywa jana yake na kesho yake anabaki na nini? Anabaki amekaa kwenye kochi, na hivyo ndivyo nilivyoandikwa.

3. Kuandikwa kwenyewe. Mwalimu wenu, mnayemwita Madamu, alitoa kazi ya nyumbani: sentensi kumi za kweli kuhusu mtu mmoja unayeishi naye, tano za kukubali na tano za kukanusha, kila moja na tafsiri yake chini. Nyumba yetu ina watu wawili. Sikuulizwa. Daftari nililikuta wazi mezani, mara tu baada ya kulifungua. Sentensi ya kwanza yasema ninakoroma. Ya tatu, ninakula mbiombio. Ya sita, sioshi vyombo. Ya saba, sisikilizi.

Haya, mke ni mke, tunasemana na tunasameheana. Kilichonichoma ni kwamba pembeni ya kila mojawapo ya hizo Madamu ametia alama ya vema kwa kalamu nyekundu, na kwenye ile ya saba ameongeza "Vizuri sana!" Madamu hajawahi kukanyaga kwangu. Hata sura yangu haijui. Amethibitishaje kwamba sisikilizi? Nilimuuliza mke wangu swali hilo, akaanza kunieleza jambo refu kuhusu kusahihisha sarufi na si tabia za watu, sikumbuki aliishia wapi.

4. Sentensi ya kumi. Kama una nafasi ya kusoma kipengele kimoja tu, soma hiki. Mke wangu aliandika: "Mume wangu ananipenda." Ndiyo sentensi pekee katika ukurasa mzima ambayo ningekubali kuibandika karakanani. Madamu ameikata kwa mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Umesahau kukanusha. Weka ne na pas." Eti kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa zile tano za kukanusha! Mke wangu ameambiwa airekebishe, amegoma. Amebaki na tisa kwa kumi, peke yake katika mstari wa mbele. Nataka alama yake irudishwe, Madamu aniombe radhi kwa maandishi, na sentensi hiyo isomwe darasani kwa sauti, mara mbili, ikiwa nzima.

5. Simu ya Jumapili. Hili nilitaka kulimeza. Kabla ya darasa lenu, simu ilikuwa yangu. Nilikuwa nabweka, nalia kama mbuzi, najitwika mto wa kochi kichwani, na mtoto anacheka mpaka anadondosha simu. Hatukuhitaji kitenzi. Sasa bibi yake anamwambia anachopika, mtoto anajibu, wanaulizana, wanacheka, na mimi niko pembeni nachekea mambo nisiyoyajua. Wiki iliyopita nilibweka. Mjukuu wangu alinitazama kwa adabu, akangoja nimalize, akaendelea na bibi yake. Roho iliniuma, sifichi.

Kwa hiyo naomba mke wangu afukuzwe shule kwa kosa la kufaulu. Ikishindikana, ukanushi wote ufutwe. Wafaransa wakikataa, na najua watakataa kwa vipande viwili, basi darasa lifungwe, Madamu ahamishiwe hesabu, na mjukuu wangu aandikiwe barua rasmi kwamba kubweka kumerudi.

Nisalimie mlinzi wa getini, karani wa fomu, na wanafunzi wote ambao sasa wanajua kwamba ninakoroma. Hata Madamu msalimie, kiasi.

Nikitaraji jibu lenye sentensi za kukubali, nabaki, katika wakati uliopo,

Fundi Makochi,
mume wa yule mwenye tisa kwa kumi

Baada ya kusaini: Barua hii imekaa mezani siku tatu kwa kukosa bahasha, na jana ilikuwa Jumapili. Mtoto aliuliza kitu, mke wangu akanigeukia akanitafsiria: anauliza kama babu bado yupo. Nilikuwa nimekaa pale pale, nje kidogo tu ya kioo cha simu, na Kifaransa cha kumjibu sina. Yafute yote niliyoandika hapo juu, isipokuwa lile la nne. Nimeambatanisha fomu ya kujiunga, nimeshaijaza. Kiti nitakuja nacho mwenyewe. Wakati uliopita na ujao wapeni wengine. Mimi nifundisheni huu uliopo tu, kabla ya Jumapili, nimwambie nipo.