Kitabu Kizima kwa Kamera ya Simu

Chuo kizima hakikuwa na mtu aliyeujua mtandao kama Baba Mtandao. Shahidi? Yeye mwenyewe! Jina hilo alijipa, akalibandika mlangoni, na ukimwita "mwalimu" tu anajifanya hajasikia.

Alifundisha mawasiliano ya ofisini, na wanafunzi wake wote walisoma kwa mtandao. Sasa kiti cha mkuu wa masomo ya mtandaoni kilikuwa wazi, naye alikitamani hadi usingizi ukampaa. Alhamisi mkuu wa chuo angekuja kulitazama somo lake. Likimpendeza, kiti ni chake!

"Wanafunzi wako kitabu cha somo watakipataje?" mkutubi alimwuliza Jumatatu. Mama huyu alikuwa mpole, ila ukigusa vitabu vyake utamjua.

"Niachie mimi!"

"Maktaba imeshalipia nakala ya mtandaoni. Weka kiungo tu kwenye ukurasa wa somo, kila mwanafunzi ataingia kwa namba yake. Ni halali kabisa, na hata asiyeona atasomewa na kompyuta yake. Njoo nikuonyeshe, dakika tano tu."

Aonyeshwe! Yeye! Baba Mtandao alicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Mama, wewe pambana na vumbi la rafu zako. Mtandao una wenyewe!"

Akaazima kitabu, akakilaza juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, akaanza kukipiga picha kwa simu. Kurasa mia tatu na kumi na mbili! Hata ule unaosema ni marufuku kunakili kitabu hiki aliupiga, tena ndio uliotoka vizuri kuliko yote. Nyingine zilitoka kichwa chini, nyingine nusu, na karibu zote zilikuwa na kidole gumba chake.

"Baba watoto," mkewe alisema, ameshika sahani hana pa kuziweka, "huko chuoni kitabu hiki hakuna?"

"Kipo. Lakini wanakitoa kizamani mno!"

Mke akageuka na sahani zake, watoto wakala jikoni. Usiku huohuo picha zote zikawa faili moja kwenye ukurasa wa somo.

Jumatano simu ikaita. Alikuwa mwanafunzi wake mmoja, dada asiyeona anayepokea simu za hospitali.

"Shikamoo, mwalimu. Kompyuta yangu hunisomea kila kitu, lakini kitabu chako imekigomea. Kila ukurasa inasema 'picha', basi. Mtihani ni Jumatatu na sijasoma hata neno."

"Marahaba. Kompyuta yako imezeeka hiyo."

"Nimeinunua juzi, mwalimu."

"Basi izime, uiwashe tena!"

Akakata simu. Roho ilimsuta kidogo, lakini akaisuta na yenyewe.

Alhamisi ikafika. Mkuu wa chuo alikaa mbele, mkutubi pembeni, wanafunzi wamejaa kwenye skrini. Baba Mtandao, suti imembana hadi vifungo vinaomba msamaha, akapanua mikono.

"Mheshimiwa, somo langu linamfikia kila mtu!"

"Kila mtu?"

"Bila kubakiza!"

"Vizuri," mkuu akasema, akipitia orodha ya wanafunzi na mahitaji yao. "Dada yetu wa hospitali, fungua kitabu, tusikie kompyuta yako inavyokusomea."

"Mheshimiwa, muda umetutupa mkono..."

"Muda tunao tele, mwalimu. Kaa."

Dada akabonyeza. Kwenye ukurasa wa somo Baba Mtandao alikuwa ameandika kichwa cha kupendeza, lakini faili lenyewe alilipa jina la siri yake, akiamini hakuna atakayehangaika nalo. Masikini kompyuta, maandishi ndani ya picha haiyaoni, ikasoma ilichopata. Sauti yake tamu, yenye adabu zote, ikajaa chumbani:

"Kitabu kizima. Mkutubi asijue. Picha. Picha. Picha..."

Lo! Mkutubi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili amwone vizuri.

"Futa faili hilo sasa hivi," mkuu akasema. "Mama, tusaidie."

Mkutubi akaweka kiungo cha maktaba. Kompyuta ya dada ikaanza kusoma sura ya kwanza, inatiririka bila kukwama, na dada akacheka kwa furaha. Mkuu wa chuo akamgeukia mkutubi, akamwuliza kama kile kiti kingemfaa.

Baba Mtandao akajikohoza.

"Dada yangu, nisamehe. Kitabu changu hakikusomeka."

"Usijali, mwalimu. Pale kiliposomeka, tumeelewa wote."