Kibao cha Hamsini

Jumamosi, 2 Machi

Nimekuwa babu. Mkwe wangu alipiga simu saa nne na robo asubuhi: mtoto wa kike, mama na mwana wazima. Nilimvua mteja fremu puani, nikamwomba radhi, nikafunga duka la miwani.

Nilijua simu imepigwa nyumba mbili. Babu wa upande wa pili ni Mwalimu, mstaafu wa hesabu, mtu anayefika mahali kabla kiti hakijafutwa vumbi. Siku ya arusi ya watoto wetu alikaa mstari wa mbele. Mimi niliitazama arusi ya binti yangu nikiwa nyuma ya nguzo. Nilijiapiza kwamba haitatokea tena.

Nikamkuta kwenye barabara ya shule ya msingi, anakwenda mwendo wa jongoo. Nikampita. Nakiri niliona raha. Mbele kidogo askari wa kike akanyoosha mkono. Tochi yao ya kupimia mwendo ilikuwa imeshasema: sabini na nne penye hamsini. Alipokuwa akiandika karatasi yangu, taratibu kama anayetarizi, Mwalimu akatupita. Akanipungia mkono.

Hospitali nilimkuta ameshambeba mtoto. Nikasema nilipata pancha. Mwalimu akanitazama, kisha akamtazama mtoto. Hakusema neno. Ukimya huo una maana yake. Ananiwekea akiba.

Jumapili, 3 Machi

Binti yangu ametoka hospitali, amerudi kwake. Ijumaa ana kliniki na mumewe atakuwa kazini. Anatafuta wa kumpeleka, mtu mwenye mkono mtulivu. Alisema hivyo akitutazama babu wote wawili. Nikakohoa kwa utulivu. Akanichagua mimi.

Karatasi ya askari nimeificha ndani ya soksi, na soksi iko mguuni. Inanipa njia mbili: nikiri kosa na kulipa faini, au nifike mahakamani Jumatano, tarehe 13, nikane. Nimewaza mchana kutwa. Nikilipa, nimekuwa dereva wa kasi, tena kwa maandishi, na mkono wangu mtulivu umekwisha. Nikishinda kesi, kosa halikutokea. Na jambo ambalo halikutokea halina haja ya kusimuliwa.

Mke wangu ameuliza pancha niliizibia wapi. Nimemwambia mbali.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kukagua kibao cha mwendo na futi kamba. Uvumbuzi mkubwa. Tawi la mti limekua mbele yake. Ukisimama hatua thelathini nyuma, ile sifuri haionekani kabisa. Nikapiga picha kumi na moja. Nilirudi garini nikiimba, hadi nilipotafakari. Sifuri ikifichwa, kibao kinasema tano. Kwa hesabu hiyo kosa langu limezidi kuwa baya.

Nikiwa bado chini ya mti, yule askari akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Hakunikumbuka. Nikasema napenda miti. Akafungua daftari lake kuangalia jambo, na hapo ndipo nilipoona. Alilishika mbali, mkono umenyooka, shingo nyuma. Kwa miaka ishirini na sita nimeujua mkono ule. Daftari linakimbia, macho yanalifukuza.

Askari haoni karibu. Na karatasi yangu imeandikwa kwa mkono wake.

Nikampa kadi ya duka. Nikamwambia kwamba wiki hii tunapima bure. Ilikuwa mara ya kwanza hata mimi kusikia hivyo.

Jumatano, 6 Machi

Wakili mmoja amekuja kuchukua miwani yake. Nikamuuliza juu ya rafiki yangu mwenye kesi kama hii. Akasema shahidi asiyeweza kusoma alichoandika mwenyewe ni shahidi dhaifu. Nikampa kitambaa cha kufutia, zawadi. Akaongeza kwamba rafiki yangu naye atakula kiapo, na swali litakuwa moja tu: ulikuwa ukienda mwendo gani? Rafiki yako atajibuje?

Nikamwambia fremu ya kahawia inampendeza.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja. Afande mwenyewe, na buti zake, kwenye kiti changu cha kupimia. Nikampa kadi ya herufi ndogo. Mistari miwili ya juu aliisoma. Wa tatu aliukisia. Wa nne akanyamaza, kisha akacheka, kisha akaacha kucheka.

Akaniambia ameficha tatizo hili mwaka mzima. Alisema, "Mzee wangu, mkubwa wangu akijua ataniondoa barabarani, anipeleke stoo nikapange makoti ya mvua." Nikamuuliza stoo kuna ubaya gani, angalau kuna kivuli. Akafikiri kwanza. "Nilipoanza pale hakukuwa na dereva aliyesimama ili watoto wavuke. Sasa wanasimama. Wananichukia, lakini wanasimama."

Aliuliza kama macho yake ni siri kati yetu. Nikamwambia duka hili ni kama kaburi. Alipoondoka nikaandika vipimo vyake kwenye karatasi ya pili, kwa ajili ya hakimu. Nimeiweka kwenye ile soksi nyingine. Sasa nina karatasi kila mguu, na natembea vibaya.

Ijumaa, 8 Machi

Kliniki. Mwalimu naye alikuja, kubeba begi la mtoto. Hakuna aliyemwita. Nimeendesha kwa mwendo wa thelathini njia nzima. Baiskeli mbili zimetupita. Binti yangu akasema, "Baba, hata ukikaza kidogo si vibaya." Sikukaza.

Wakati mtoto anapimwa uzito, mimi na Mwalimu tulibaki kwenye benchi la nje. Nikaona bora nijue moja. Nikamuuliza kwa nini hakusema alichokiona siku ile.

Akasema, "Niseme nini, babu mwenzangu? Hata mimi nilikuwa nakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari langu ndilo lisilokwenda."

Nikamweleza habari ya kesi, ila macho ya Afande nikayaruka. Akasema nikimtaka atakuja kuwa shahidi. Nikauliza atashuhudia nini. Akasema atasema kweli: nilimpita kwa kasi, na nilikuwa na furaha. Nikamshukuru. Nikamwomba siku hiyo apumzike nyumbani.

Nimeliwaza jambo hili jioni nzima. Mtu akikutunzia siri, unajua anakutaka nini. Huyu hataki kitu. Sijapata kukutana na mbinu kama hii.

Jumapili, 10 Machi

Leo ndugu wamekutana nyumbani kwa binti yangu kumchagulia mtoto jina. Mimi nilikuwa dukani, nafanya mazoezi ya kujitetea mbele ya kioo. Upande wa hakimu niliuwekea mwanga mkali. Nimejihoji vizuri sana. Penye swali la mwendo nilijikwaa mara nne, nikaamua hakimu hataliuliza.

Nimemaliza pia miwani ya Afande; kesho ataifuata. Nimeisugua lenzi mwenyewe, bila haraka, kwa sababu sijui kusugua lenzi vibaya. Ni kasoro yangu.

Jumatano, 13 Machi

Mahakama ni chumba kidogo chenye madawati marefu na feni moja inayolia. Nilifika saa mbili, wa kwanza. Afande alikuja saa tatu, amevaa miwani yangu. Aliniona. Kwanza akatabasamu. Kisha akafungua daftari, akasoma bila kunyoosha mkono, akafika penye jina langu. Tabasamu likaondoka. Alishika miwani kama mtu anayetaka kuivua, halafu akaiacha usoni.

Nimeshawahi kutazamwa vibaya na wateja, lakini hao walidai lenzi ina mkwaruzo.

Nikaitwa. Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akauliza kama nakiri au nakana. Karatasi ya vipimo nilikuwa nimeshaitoa kwenye soksi. Ilikuwa mkononi, ina joto la mguu. Nilikuwa na sentensi yangu tayari. Mheshimiwa, naomba shahidi asome mstari huu bila miwani. Sentensi kumi na moja zilifuata, zote nzuri.

Nikamtazama Afande. Alikuwa ametazama mbele, mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri sindano. Nikaikunja karatasi ikawa ndogo, nikaikunja tena.

"Nakiri," nikasema.

Hakimu akauliza nilikuwa nakimbilia nini. Nikasema nilikuwa nimepata mjukuu. Uso wake ukalainika. Akauliza anaitwa nani.

Sikujua.

Nilijua urefu wa kibao, unene wa tawi, na idadi ya majani mbele ya sifuri. Jina la mtoto sikulijua. Hakimu alisubiri. Feni ikalia. Mwishowe akaandika faini, akaniambia nikitoka hapo niende nikaulize.

Nje, Afande akanifuata hadi ngazini. Nilidhani atanilaumu. Alisema tu kwamba miwani inambana kidogo nyuma ya sikio la kushoto. Nikaukunja mkono wa miwani palepale, nikamvalisha. Karatasi ya vipimo nikaichana mbele yake. Hakuuliza ni ya nini. Sidhani alihitaji kuuliza.

Nikaenda moja kwa moja kwa binti yangu, nikamweleza yote: kosa, soksi, pancha ambayo haikuwapo. Akasema uongo wa pancha aliujua tangu siku ya kwanza, mikono yangu ilikuwa safi mno. Kisha nikauliza jina.

Ni jina la marehemu mama yangu. Nilikaa chini. Nikauliza ni nani aliyelipendekeza. Ni Mwalimu. Wenyewe walikuwa na jina jingine; yeye ndiye aliyesema babu wa duka la miwani atafurahi.

Nimelia kidogo, nikiwa nimemshika mtoto. Ameninyea.

Jumamosi, 16 Machi

Siku tatu za tafakari. Maishani mtu hupata somo mara chache, na linapokuja inafaa alipokee kwa unyenyekevu. Nimelipokea. Barabara ya shule haifai.

Nimegundua njia nyingine, nyuma ya kinu cha unga. Haina kibao, haina askari, na inapunguza dakika sita. Ina mashimo, lakini ukienda kasi ya kutosha unayaruka.

Kuhusu Mwalimu, nimemwelewa sasa. Kutoa jina la mama yangu! Ni pigo la hali ya juu, sikuwahi kufikiria mtu anaweza kwenda mbali kiasi hicho. Haliwezi kupita bila kujibiwa. Leo simu ilipokuja kwamba mtoto ametabasamu, nilipita kinuni. Nilifika wa kwanza. Mwalimu alifika robo saa baadaye, akasema amefurahi kunikuta.

Anajifanya hajaumia. Mtoto alikuwa amelala, hakutabasamu tena hadi tulipoondoka. Lakini nilimwinamia sikioni nikamweleza taratibu, kwa jina lake, ni babu yupi aliyetangulia. Akapiga chafya.

Nimeihesabu kuwa ni ushahidi.